Angella Nekesa na Jamu za Maua za Rashidiya

Baba padri, wazee wetu, mama zetu, majirani wa Rashidiya, na ninyi ndugu mliotoka kazini Al Rigga na Dubai Investments Park mkiwa bado mmevaa sare zenu, familia inawasalimu na inawaomba mkae, wenye viti na wasio na viti, kwa maana historia hii si fupi na sisi sote tumechoka. Mimi ni Yekoniya Wandera, mlinzi wa ghala, mtoto wa baba mdogo wa marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu damu yake iliyoko Dubai ni mimi na binti yake Prossy, ambaye mnamwona pale mbele, na yeye leo sauti haimtoki. Tumeandika kwa Kiswahili ili Mkenya, Mtanzania, Mganda na wenyeji wetu wenye asili ya Unguja tusikie kitu kimoja, na kama mahali fulani kitateleza mtanivumilia, Kiswahili changu ni cha mpakani.

Angella Nekesa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1977 katika kijiji cha jirani na Masafu, upande wa mashariki wa Uganda, mahali ambapo leo ni wilaya ya Busia, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Oundo, katekista, na Mama Joanita, ambaye yu hai na wakati huu ninaposoma amekaa uani anatungoja. Jina la Nekesa hupewa mtoto wa kike wa wakati wa mavuno, na Mama Joanita husema alimzaa mchana, akapumzika kidogo, kisha akaendelea kupepeta wimbi, jambo ambalo ndugu zake wanalikanusha lakini yeye hajawahi kulibadilisha. Alibatizwa mwezi wa Desemba mwaka huohuo, na baba yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha katekisimu, tena kwa ukali, kiasi kwamba hadi mwisho wa maisha yake hakuruka Kwaresima hata moja, na Kwaresima kwake maana yake ilikuwa kutogusa kitu kitamu kabisa, hata chai aliinywa bila sukari. Hilo la Kwaresima mlishike, lina kazi mbele.

Alianza darasa la kwanza Masafu mwaka 1984, akamaliza la saba mwaka 1990, akaendelea na sekondari mjini Busia hadi kidato cha nne mwaka 1994, na hapa ningependa kusema kuwa alikuwa wa kwanza darasani, kama historia zote za marehemu zinavyosema, lakini mama yake amenikataza kusema uongo mbele ya jeneza, alikuwa wa katikati. Mwaka 1995 alipelekwa Jinja kusomea upishi, akahitimu mwaka uliofuata, na mwaka 1997 akaajiriwa katika jiko la hoteli moja ya mjini humo, ambako alipewa kazi ya jamu za wageni, za mananasi na mapapai na machungwa, na hapo ndipo mkono wake wa kushoto ulipopata lile kovu la sukari ya moto ambalo wengi wenu mmeliona.

Tarehe 9 Januari 1999 alifunga ndoa takatifu na Aloysius, dereva wa malori ya kuvuka mpaka, mtu mpole, mcheshi, aliyekaa barabarani zaidi kuliko nyumbani, na tarehe 8 Juni 2000 Mungu akawajalia mtoto mmoja, Prossy. Ndoa ile haikuwa na makuu wala kelele, ilikatishwa tarehe 21 Novemba 2008, Aloysius alipofariki kwa ajali karibu na Bugiri. Angella alirudi kwa mama yake na mtoto wake, akakaanga mandazi, akauza, akachoka, akatafuta tena kazi ya hoteli, akakosa, akachoka zaidi, mpaka siku wakala mmoja wa kazi za nje alipopita kijijini akiwa na fulana ya kampuni na picha za maghorofa.

Aliondoka Entebbe tarehe 3 Oktoba 2010. Asubuhi ya safari alimshika mkono Prossy, wakati huo mtoto wa miaka kumi, akamsimamisha mbele ya Mama Joanita na mbele ya shangazi na wajomba waliokuja kuaga, akasema maneno ambayo kila aliyekuwepo anayakumbuka, “Mimi naenda ili huyu asiende.” Watu waliitikia tu, kama watu wanavyoitikia maneno ya msafiri, lakini yeye hakuwa akiaga, alikuwa akiweka nadhiri, na miaka yote aliyokaa huku aliikaa kwa ajili ya nadhiri hiyo.

Kazi yake ya kwanza Dubai ilikuwa katika jiko la kambi ya wafanyakazi huko Dubai Investments Park, jiko kubwa lisilo na dirisha, kazi ni kumenya vitunguu, asubuhi vitunguu, jioni vitunguu, akitoa machozi bila huzuni, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Ijumaa mojamoja alipata nafasi ya kupanda basi mpaka Al Rigga kumwona Allen, rafiki yake tangu Jinja, anayetandika vitanda katika hoteli ya huko, na ambaye leo amekaa ubavuni mwa Prossy. Ni Allen aliyemwambia kuwa kuna mama mmoja Rashidiya anatafuta msaidizi wa jikoni, msaidizi wa kwanza ameondoka, wa pili naye ameondoka, na shida si kazi, shida ni lugha.

Mama huyo ni Bi Badriya, ambaye tunaye hapa pamoja na mwanawe Hazim. Bi Badriya ni mzaliwa wa Unguja, alifika Dubai na wazazi wake akiwa msichana, na amekaa Rashidiya tangu mji huu haujafikisha nusu ya majengo yake. Watoto wake anawasemesha Kiswahili, nao humjibu kwa Kiarabu au Kiingereza, kwa hiyo yeye, kwa kauli yake mwenyewe, alitaka mtu wa kugombana naye kwa Kiswahili mpaka ugomvi uishe.

Angella alihamia kwake tarehe 17 Aprili 2011, Jumapili ya Matawi, akakuta jiko limejaa magunia ya mawaridi kutoka milima ya Oman, yaliyoletwa na jamaa wa Bi Badriya, kama wanavyoyaleta kila mwaka msimu wake ukifika. Hakuulizwa anatoka wapi wala amefanya kazi wapi, alipewa kijiko cha shira ya mawaridi iliyokuwa motoni, akaambiwa, “Hebu onja, nambie, sukari yatosha?” Akakataa. Bi Badriya alidhani ameletewa mwenye kiburi mwingine, akalalamika kuwa kazi haijaanza na mtu keshagoma, mpaka Angella alipoeleza kuwa ni Kwaresima na kitu kitamu hakipiti kinywani mwake mpaka Pasaka. Bi Badriya alimtazama, akakichukua kile kijiko, akaonja mwenyewe, akasema, “Haya, na Ramadhani utanionjea wewe.”

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi miaka yote. Kwa asiyejua, jamu ya maua haiaminiki kwa jicho, ua linaweza kuwa na rangi ya kupendeza na harufu ya kukufanya ufumbe macho, na bado shira yake ikawa chungu, au ikawa na ladha ya sabuni, na hakuna dawa ila ulimi, tena ulimi wa kila hatua, kabla ya moto, wakati wa moto na baada ya moto. Wapo wanaosema kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema hakubatilishi saumu, Bi Badriya anawajua, anawaheshimu, lakini na saumu yake hataki mzaha. Kwa hiyo mawaridi, ambayo huja wakati wa Kwaresima, yalionjwa na Mwislamu, na asumini, ambayo miaka ile ilichanua katikati ya Ramadhani, ilionjwa na Mkristo, na wageni waliokula jamu zile sikukuu hadi sikukuu hawakujua kuwa kila chupa ina dini mbili ndani yake.

Mawaridi yalikuwa kazi ya mgongo. Kila petali hukatwa kitako chake cheupe, maana uchungu umekaa pale, kisha yanasuguliwa kwa sukari na maji ya ndimu mpaka yatoe rangi mikononi, yanafunikwa kitambaa na kuanikwa juu ya paa, ndipo yaende motoni, moto mdogo, mtu akiwa amesimama. Asumini ilichumwa ikiwa bado vitumba, ikazikwa ndani ya bati la sukari, asubuhi maua yakatolewa na ile sukari ikapikwa na maganda ya ndimu, ambayo nayo yalikwisha kulowekwa na kubadilishiwa maji mara baada ya mara. Mrehani na nanaa vilipikiwa shira nyepesi ya kikohozi. Na wakati wa baridi ilikuwa zamu ya rosela, ua jekundu lenye ukali wa ndimu, ambayo haikuwepo nyumba ile mpaka Angella alipoipanda nyuma ya ukuta, mbegu zikitoka kwa Mama Joanita, zimefungwa kwenye leso ya mtu aliyekuwa akija kazini. Chupa hizo zilipelekwa kwa wazazi waliojifungua, kwa wagonjwa, kwa maharusi, kwa majirani, wengi wenu hapa mmezila, na kama mlimshukuru Bi Badriya peke yake si kosa lenu, ndiye aliyekuwa akifungua mlango.

Mwaka 2014 ulitokea mkasa ambao familia ya Rashidiya wanausimulia mpaka leo, nami nitausimulia kwa kifupi. Ramadhani iliingia mwishoni mwa mwezi wa Juni, asumini imechanua vizuri, na wakati huohuo ikaja habari kutoka nyumbani kuwa Prossy, akiwa shule ya bweni, ameshikwa na homa ya uti wa mgongo na amelazwa Tororo. Angella hakuwa na la kufanya, tiketi haikupatikana, simu ilikuwa ikikatika, na katika kutapatapa kwake akamwekea Mungu nadhiri, kwamba atafunga pamoja na nyumba ile tangu alfajiri hadi magharibi mpaka mtoto asimame. Hakumwambia mtu. Bi Badriya akiita kutoka sebuleni kuuliza kama maganda yameisha uchungu, Angella aliyatazama, akayabonyeza, akajibu kuwa yako sawa, na jioni ilipofika wote wawili walikuwa wamechoka mno kukumbuka jamu.

Chupa ziligawiwa sikukuu. Bi Ghania wa Sharjah, dada yake Bi Badriya, alipiga simu siku ya pili kuuliza kama hii ni jamu ama dawa ya minyoo, akafuata mwingine, na mwingine, mpaka Bi Badriya akafungua chupa yake mwenyewe, akaonja, akakuta ni chungu kama shubiri. Alimwita Angella, naye akaeleza yote, kuhusu mtoto, kuhusu nadhiri, akiwa amesimama na mkono mdomoni, akijua kazi imekwisha. Bi Badriya akasema, “Sasa mie nafunga, nawe wafunga, aonje nani? Paka?” Wakaanza kucheka, wakacheka mpaka wakalia, na kilio hakikuwa cha jamu. Prossy alikuwa amepata nafuu tayari, alikwisha kukaa kitandani na kuomba uji, na Bi Badriya alipoambiwa hivyo alitoa sadaka.

Nawaeleza haya ili mjue kuwa walipendana. Waligombana pia, sana, juu ya sukari, juu ya moto, juu ya nani kaacha mfuniko wazi, Angella alikuwa na hasira za karibu na Bi Badriya naye si mtu wa kushindwa, lakini walipendana, na kwa kuwa walipendana, lile jambo moja lililokuwa kati yao lilikuwa gumu kuliko ambavyo lingekuwa kwa watu wasiojaliana. Jambo lenyewe ni Prossy.

Angella alikwenda likizo mwaka 2013 na tena mwaka 2016, na mara zote mbili alirudi akiwa amenyong’onyea, amemwacha mtoto mrefu kuliko alivyomtarajia. Aliporudi mara ya pili alimwonyesha Bi Badriya picha, na Bi Badriya, kwa moyo safi, akamwambia, “Amalize skuli umlete, n’takaa naye kama mwanangu, umfundishe mikono yako.” Angella aliirudisha picha mfukoni. Ijumaa iliyofuata, tulipokaa yeye, Allen na mimi kunywa chai Al Rigga, alilia waziwazi watu wakageuka. Alisema nyumba ya Bi Badriya ni nzuri, na hilo ndilo linalomtisha, kwa sababu kwenye nyumba mbaya Prossy angelia akataka kurudi, lakini kwenye nyumba nzuri angekaa mwaka, kisha mwaka mwingine, mpaka naye awe na mtoto anayemlea kwa simu. Alirudi Rashidiya akamjibu Bi Badriya hapana, na kila mwaka Bi Badriya aliuliza tena, nusu kwa utani, na kila mwaka jibu lilikuwa lilelile.

Katika historia za marehemu huwa tunasema alikuwa mchapakazi, na ni kweli, lakini sisi tuliomjua tunataka pia isemwe kuwa Angella alikuwa amechoka. Alichoka kusimama, alichoka joto, alichoka kusema “mwaka huu ndio wa mwisho” na kila anayemsikia anajua si wa mwisho, alichoka kuijua sura ya mwanawe kwenye kioo cha simu. Hakuna aliyemtesa. Kuchoka kwake kulikuwa kwa kawaida, kama kwetu wengi tuliomo humu ndani, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Ugonjwa wake ulijulikana mwezi wa Desemba 2018, wakati wa rosela, wakati ambapo hakuna anayefunga na wote wawili wanaonja sufuria moja. Bi Badriya alisema imezidi ukali, Angella akasema haina ukali wowote, ina ladha ya sarafu, wakabishana, wakaonja tena, na Angella akashikilia kuwa ni sarafu, na maji nayo ni sarafu, na mkate, na kwamba imekuwa hivyo tangu Ramadhani, amekuwa akikisia tu. Bi Badriya aliweka kijiko chini, akamwambia avue viatu. Miguu ilikuwa imevimba. Hazim alimpeleka hospitali siku hiyohiyo, na madaktari wakasema figo zote mbili zimechoka, nao walitumia neno hilohilo. Akaanza kusafishwa damu, akapata nafuu, akazidiwa, na tarehe 10 Machi 2019 akalazwa.

Prossy alikuwa amemaliza kidato cha sita mwezi huohuo wa Desemba, na ameomba nafasi ya kusomea uuguzi. Aliposikia hali ya mama yake alikata pasipoti mwenyewe bila kumwambia bibi yake, akapiga simu, akasema, “Mama, nakuja nikushikie kazi, wewe upumzike.” Angella alikuwa hana nguvu ya kuinua gilasi, lakini kwa hilo aliinuka. Walizozana kwa simu mpaka wote wakalia. Hata hivyo Hazim, kwa wema, na baada ya kushauriana nami, aliomba viza ya matembezi ili mtoto amwone mama yake, na tarehe 29 Machi Prossy akafika. Angella alipofumbua macho na kumwona, neno lake la kwanza lilikuwa, “Nani kakuleta?” na la pili hatukulisikia, kwa sababu alikuwa ameshamvuta kifuani.

Siku mbili kabla hajafariki aliniita karibu, Prossy akiwa nje, nesi akiwa anabadilisha dripu, akaniambia maneno haya, nami nayasoma kama alivyoyasema, “Yekoniya, siku mtakayonisoma, usome na hili, mbele ya watu. Prossy asirithi jiko langu. Bi Badriya nampenda, sitaacha kumpenda, lakini mtoto simpi.” Tarehe 2 Aprili 2019, siku ya Jumanne, asubuhi, Bwana akamchukua, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Kesho yake mawaridi ya Oman yakafika Rashidiya. Hakuna aliyekumbuka kumwarifu jamaa wa Oman asilete, na maua hayangoji matanga, yakilala yanakuwa takataka, kwa hiyo Bi Badriya alikaa chini jikoni pamoja na magoti yake mabovu, Prossy, ambaye alikuwa amepewa chumba cha mama yake, akakaa upande wa pili, wakaanza kuyachambua. Prossy alikata vile vitako vyeupe bila kuelekezwa, kwa kuwa mama yake alimsimulia kazi hiyo kwa simu miaka yote. Bi Badriya ananiambia alivumilia mpaka gunia la kwanza likaisha, kisha akashindwa, akasema, “Kaa na mie, mwanangu.” Prossy akajibu kuwa atakaa. Aliniambia baadaye kuwa aliona huruma, na kwamba pale jikoni ndipo mahali pekee duniani ambapo mama yake alikuwa bado yupo.

Alhamisi nilipokwenda kuchukua nguo za marehemu nikaambiwa kuwa mambo ya kubadilisha viza yanaweza kuanza wiki ijayo, inshallah. Nilisema sawa, nikarudi kazini, sikuwa na nguvu ya ugomvi na watu waliofiwa kama mimi. Nilichoweza ni kuyaandika maneno ya marehemu katika karatasi hizi, niyasome hapa, kisha kila mtu abaki na nafsi yake, na historia ilikuwa iishie hapo.

Lakini asubuhi ya leo, Ijumaa tarehe 5 Aprili, gari la Hazim lilisimama nje ya makazi yetu Dubai Investments Park, mahali ambapo Bi Badriya hajapata kufika maishani mwake. Hakushuka. Aliteremsha kioo, akaniambia kuwa alipoamka alimkuta Prossy keshasimama jikoni, kavaa aproni ya mama yake, anamuuliza, “Madam, leo nianze na nini?” Bi Badriya alisema alirudi chumbani, akaifungua droo ambamo pasipoti ya Prossy ilikuwa imewekwa tangu alipowasili, juu ya ile ya mama yake, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi hapa, akazitoa zote mbili. Alinipa mkononi, akasema, “Chukua, nisije nikabadili nia. Mara ngapi Angella kanambia, nami najitia sisikii.” Nilimuuliza kama niyafute haya niliyoyaandika, akasema, “Soma yote, khalas.” Nami nimesoma kwa ruhusa yake. Magoti yanamuuma, hana wa kumwonjea tena, na kitu alichokitaka kuliko vyote alikuwa nacho ndani ya droo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hata pale ambapo hapakuwa na la kufanya, inamshukuru baba padri na wanajumuiya, majirani wa Rashidiya mliopika na kuleta sinia bila kuulizwa, Allen aliyekuwa akitoka zamu na kwenda kukaa kitandani kwa mgonjwa akiwa hajala, wenzake wa zamani wa jiko la kambi mliochangishana, na Hazim, aliyepanga foleni ofisi zote kwa ajili ya mwili huu kana kwamba alikuwa akimsafirisha dada yake. Bi Badriya, wewe hatuna neno la kukushukuru linalotosha, na hatutajaribu. Mwili utaondoka leo jioni kwenda Entebbe, na mazishi yatakuwa Jumapili tarehe 7 Aprili, nyumbani Masafu, kando ya baba yake.

Prossy, umesikia, na watu wote hawa wamesikia. Angella, mwanao anapanda ndege moja na wewe, na pasipoti iko mfukoni mwake mwenyewe. Usihangaike tena, pumzika kwa amani.